Nilisoma Ulichokuwa Ukitafuta

Nuhu mwanangu,

Uko nyumbani, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa nilipokaa, unafunga begi, na mimi nakuandikia barua kana kwamba umeshavuka mpaka. Nimefunga duka kabla ya alasiri, jambo ambalo soko zima la Mwanjelwa litalijadili mpaka wiki ijayo. Nimevuta kiti nyuma ya mashine ya fotokopi, nimechukua kalamu. Nina kompyuta tatu mbele yangu na sitaki hata moja ishuhudie ninachoandika.

Kuhusu koti, baridi ya Iringa, chakula na swala, umeshaambiwa na watu wengi wanaoyajua kuliko mimi. Baba yako naye amekupigia kutoka Tunduma alikokwama na lori, amekueleza kiti gani cha basi hakipigwi na jua. Nayaacha hayo. Nina jambo moja tu. Si zuri, na ukishalisoma utakuwa na haki ya kuamua upya kesho unakwenda wapi.

Kwa miezi mitano nilikuwa nasoma kila ulichokuwa unakitafuta mtandaoni kwenye simu yako.

Soma sentensi hiyo tena kama unahitaji. Mimi imenichukua siku tatu kuiandika.

Unakumbuka simu ile tulikununulia ulipomaliza kidato cha nne. Laini ilisajiliwa kwa kidole changu kwa sababu wewe hukuwa na kitambulisho. Simu ilipotaka akaunti, nikaweka yangu, ile ile ninayotumia hapa dukani, kwa sababu kulikuwa na foleni ya watu wanaotaka kutoa nakala za vyeti na mimi nilikuwa na haraka. Hivyo ndivyo tunavyofanya huku. Anayejua kompyuta anamfungulia asiyejua, na ufunguo unabaki kwake. Nimewafungulia watu akaunti za baruapepe mpaka nimepoteza hesabu: walimu, mafundi, mabinti wanaoomba vyuo. Manenosiri yao niliyaandika kwenye daftari la kaunta, maana walikuwa wanasahau. Mtu anaingia, amebeba mkungu wa ndizi begani, anapaza sauti: "Dada Zuhura, nenosiri langu lilikuwa nini vile?" Nami nafungua daftari, namsomea kwa sauti mbele ya foleni nzima.

Na huyo huyo Zuhura, jioni, alikuwa anakaa kuandika makala za kuwachachamalia wakubwa wa mitandao wanaoiba siri za watu. Cheka tu. Ningekuwa wewe ningecheka.

Mwezi wa tano, ulipokuwa umemaliza kidato cha sita na umekaa nyumbani unamuuguza Bibi, mama yangu, matangazo ya ajabu yakaanza kunifuata dukani. Nikifungua habari, nepi za watu wazima. Nikitafuta bei ya wino, viti vya magurudumu. Nikifungua ukurasa wa mapishi, viatu vyeupe vya wauguzi. Nilipandwa na hasira. Nilijua moja kwa moja kwamba kuna kampuni imenisikiliza nikizungumza habari za Bibi na kiharusi chake. Nikaandika makala, ile ndefu, ile uliyosema imekaa vizuri ila ina matusi mengi. Niliwaita wezi wanaochungulia vyumba vya wagonjwa. Watu walinisifu. Mimi nikajisifu zaidi.

Aliyeniharibia sifa ni Ambakisye, fundi simu wa kibanda cha pili. Alikuja kuchapisha risiti, akaona nepi zinapita kwenye kioo, akasogea.

"Dada, hebu nione hiyo."

"Unaona wanavyonichungulia? Unaona hawa washenzi?"

Akabofya mara mbili. Ikafunguka orodha ndefu: kila kilichowahi kutafutwa kwa akaunti ile, siku na saa. Ya kwangu yalikuwa machache. Mengine yote yalikuwa ya mtu mwingine.

"Simu ya Nuhu ina akaunti gani?" akauliza.

Nikanyamaza. Wewe unajua kunyamaza kwangu ni tukio.

"Basi dada, kampuni inafanya ya kwake, sikatai. Inachukua anayoyatafuta Nuhu, inakuletea wewe matangazo, maana inadhani ninyi ni mtu mmoja. Lakini anayechungulia chumba cha mgonjwa hapa..." Akaangalia dari kwa adabu. "Siitoi akaunti yako kwenye simu yake bila ruhusa yako. Ni kazi ya dakika tano. Niitoe?"

Nuhu, yule kijana alinipa nafasi nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa maishani, na alinipa bure. Nilimjibu: "Iache. Nitaitoa mwenyewe kesho."

Kesho hiyo ilichukua miezi mitano.

Nilijiambia mama ana haki. Nilijiambia mtandao una mabaya mengi na kijana anahitaji jicho. Hoja ninazo siku zote, ndiyo shida yangu. Nikitaka kuhalalisha jambo sikosi maneno. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa natafuta mabaya. Nilitafuta jambo moja tu, kama wewe umeacha kufikiria unesi.

Maana wewe ulitaka unesi, na mimi nilitaka sheria. Nilitaka sheria tangu siku nilipotolewa kwenye fremu yangu ya kwanza ya duka na mwenye nyumba aliyekuja na karatasi moja yenye mhuri. Mimi nilikuwa na hoja ishirini na yeye alikuwa na karatasi, na karatasi ikashinda. Nikaapa nitazaa mwanasheria. Nilikuwa nimeshakuzaa, una miaka sita, umekaa juu ya maboksi yangu barabarani unakula embe, na mimi nakutazama nakupangia ugomvi wa kuurithi. Sijawahi kukuuliza kama unautaka. Nilitaka mwanasheria wa vita vyangu, nikaita hiyo ndoto yako.

Basi kila ukikaa na simu, mimi huku dukani nasoma. Nikaona: "wauguzi wanaume wanapata kazi Tanzania." Nikaona: "tofauti ya mshahara muuguzi na wakili." Nikaona: "jinsi ya kumshawishi mzazi kuhusu chaguo la chuo." Siku moja nikaona, neno kwa neno: "jinsi ya kuzungumza na mzazi asiyekubali kushindwa." Nilicheka peke yangu, nikampa mteja chenji pungufu kwa kucheka. Halafu nikafungua ukurasa ule ule uliousoma wewe, nikasoma ushauri wote waliokupa, nikaandaa majibu yake.

Unaikumbuka ile Jumapili ya kwanza. Wali umepakuliwa, Bibi amekaa kwenye mto wake, wewe umekohoa kidogo.

"Mama, nimekaa nikafikiri..."

"Umefikiri unesi."

"Ndiyo, lakini nisikilize. Siku hizi wanaume ni wengi, hata..."

"Hata wodi zinawahitaji, maana kugeuza wagonjwa ni kazi ya nguvu. Najua. Na wanapata kazi haraka. Najua. Na mshahara wa kuanzia haujapishana sana na wa wakili asiye na jina. Hilo nalo najua. Sasa nikujibu moja moja?"

Bibi akagonga sahani kwa kijiko, kwa mkono wake mzima. "Mwache mume wangu amalize tonge. Unamla mtoto wa watu akiwa bado anatafuna."

"Bibi, usiingilie, hii ni mahakama."

"Mahakama gani isiyo na chumvi? Nuhu, niletee chumvi, mume wangu, mimi nikutetee."

Tulicheka wote. Jumapili ya pili ulikuja na hoja mpya, ukazikuta zimeshajibiwa. Ukarudisha tonge kwenye sahani. "Mama, unaniingiaje kichwani?"

"Kichwa chenyewe nilikitengeneza mimi," nikakujibu. Nilijiona mjanja sana.

Jumapili ya tatu hukubishana. Uliingia ndani, ukatoka na barua ya kupokelewa chuo cha uuguzi cha Tosamaganga, ile uliyoiomba mwenyewe na kuichapisha mwenyewe. Ukanipa mkononi. "Upande wa nyuma ni mweupe, Mama. Utaitumia dukani kwa kujaribia wino. Nitakwenda sheria." Halafu ukaenda kumgeuza Bibi, maana saa zake zilikuwa zimefika.

Nimeshinda mabishano mengi. Nimewashinda watu kwenye mikutano ya mtaa, nimewashinda magazetini, nimemshinda baba yako tangu siku ya posa. Mara zote nilipigana na mtu ambaye sikujua atasema nini. Wewe nilikushinda kwa kuwa nilisoma karatasi yako kabla ya mtihani. Mtu akifanya hivyo kwenye baraza, mimi huwa wa kwanza kusimama na kumpigia kelele.

Hilo lilikuwa moja. La pili ndilo linalonichoma zaidi. Katika orodha ile yenye utafutaji wako, maswali ya kunishawishi mimi yalikuwa machache mno. Mengine yote, ukurasa baada ya ukurasa, yalikuwa hivi: "kumgeuza mgonjwa wa kiharusi bila kumuumiza bega." "Vidonda vya kulala vinaanzaje." "Mgonjwa akikataa kula." "Bibi analia bila sababu baada ya kiharusi." "Mazoezi ya vidole mkono uliopooza." Uliuliza usiku, uliuliza alfajiri, uliuliza mchana. Mimi niliyaruka yote hayo, kama mtu anayeruka kurasa za gazeti kutafuta siasa. Mwanangu alikuwa anajifundisha unesi mbele ya macho yangu, swali kwa swali, na mimi nilikuwa natafuta ushahidi wa kuuzuia.

Ijumaa iliyopita, kwenye dua ya kukuaga, mama yako mdogo alikuuliza mbele ya watu kwa nini umebadili mawazo. Ukajibu kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa napakua pilau nikasikia: "Mama ananijua kuliko ninavyojijua. Kila nilichofikiri alikuwa ameshakifikiri. Nikaona mtu anayekujua hivyo huwezi kumpinga." Watu wakasema mashallah. Nilishika mwiko hewani. Pilau ile sikuila. Nilisema kichwa kinaniuma.

Kesho yake nikaenda kwa Ambakisye. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa miezi mitano. Aliniketisha kwenye kile kigoda chake kinachoyumba, akaniambia atatoa akaunti yangu kwenye kompyuta za duka kwanza, kisha wewe utafungua yako mwenyewe kwenye simu yako, kwa nenosiri ambalo mimi silijui. Akawa anafanya kazi huku anazungumza kama kawaida yake.

"Unajua dada, watu wakija hapa wanadhani ni upande mmoja. Mlango ni wa wote wawili. Wewe ulikuwa unaona ya Nuhu, na Nuhu alikuwa anaona ya kwako. Akianza tu kuandika herufi mbili tatu, simu inamletea ulichowahi kutafuta wewe."

Nilitaka kumwambia mimi sina cha kuonwa. Midomo ikafunguka kabisa. Halafu nikaukumbuka mwezi wa nane.

Mwezi wa nane niligundua uvimbe kwenye titi. Sikumwambia mtu. Si baba yako, si Bibi, si dada zangu. Nilisubiri duka litulie, nikaandika kwenye kompyuta: "uvimbe kwenye titi usiouma ni nini." Nilisoma mpaka mteja akagonga kaunta. Nikafunga, nikaendelea kuuza karatasi na kugombana na watu ili wasinione usoni. Siku tatu baadaye nikajipa moyo wa kwenda hospitali, nikasema nyumbani nakwenda kununua wino mjini.

Wewe ukavaa viatu. "Ngoja Mama, na mimi nina rafiki yangu kalazwa. Twende wote, nakwenda upande huo huo." Nilikuwa sijasema hospitali. Nilisema wino. Katika woga wangu hilo halikunipita kichwani hata kidogo. Ulinisindikiza mpaka getini, ukasema rafiki yako yuko jengo la mbele, ukakaa kwenye benchi lile la nje. Nilipotoka baada ya saa tatu nzima ulikuwa bado umekaa pale pale, una chupa ya maji ambayo hujaifungua. Ukanitazama usoni mara moja tu. Nilikuwa natabasamu kwa sababu daktari alisema ni uvimbe wa kawaida, hauna neno. Ukanipa maji. Ukasema, "Rafiki yangu anaendelea vizuri." Tukapanda bajaji, tukarudi nyumbani, na hukuniuliza wino uko wapi.

Sijui kama uliona. Inawezekana kweli ulikuwa na rafiki. Sitakuuliza, na barua hii haiulizi; usinijibu hilo. Lakini nilikaa kwenye kile kigoda nikaelewa kwamba inawezekana mtoto wangu na mimi tuliingia chumba kimoja bila kupiga hodi. Mimi niliyoyaona niliyatumia kushinda. Wewe, kama uliona, ulinisindikiza, ukakaa nje, ukafunga mdomo. Nililia pale kibandani. Ambakisye akageuza redio ipige kwa nguvu, akasema wateja wasije wakafikiri amenitoza pesa nyingi.

Sasa nikupe ninachokijua kuhusu vyombo hivi, maana nimevisoma kwa hasira na nimevijaribu wiki nzima, na naijua tabia yako ya kuuliza simu kabla ya kuuliza mtu. Chagua mwenyewe. Mimi nakueleza tu nilichokiona.

Kivinjari, kile unachofungulia mtandao, usikipokee kwa sababu tu kimekuja na simu. Waliokiweka hapo walikuwa na sababu zao, na nyingi hazikuhusu wewe. Vipo vingine unavyopakua bure, ambavyo tangu siku ya kwanza vinawazuia wale wanaokufuata kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Nilijaribu vitatu. Kimoja kilinifungulia magazeti haraka mpaka nikashtuka, kumbe uzito wote wa zamani ulikuwa mzigo wa wafuatiliaji. Kingine kilikuwa kikali mno, kilikataa hata fomu za serikali, nikakiweka pembeni. Usiweke kimoja kwa kila kitu kama hutaki. Kimoja cha kusomea na kutafutia, kingine cha zile kurasa zisizofunguka bila kujitambulisha.

Na kivinjari si kitafutaji. Wateja wangu wote wanachanganya, na mimi nilichanganya miaka. Kivinjari ni gari, kitafutaji ni yule unayemuuliza njia. Unaweza kubadili gari na bado ukawa unamuuliza mtu yule yule anayeandika kila swali lako kwenye kitabu chake. Ingia kwenye mipangilio, ubadili unayemuuliza. Wapo wanaoahidi kutokuandika. Nisikufiche: kwa Kiswahili hao ni dhaifu kidogo. Niliuliza dawa ya kitunguu kinachooza shambani, swali la wakulima wa Ruaha Mbuyuni, nikaletewa mambo ya Ulaya. Hapo nilirudi kwa yule mkubwa, nikauliza bila kuingia kwenye akaunti, nikatoka. Hakuna dhambi. Kujua unamwambia nani nini, hiyo tu ndiyo kazi.

Lile dirisha la faragha, jeusi jeusi, linadanganya watu wengi. Linamficha anayeshika simu yako baada yako, basi. Chuo kitakachokupa mtandao wake bado kitaona umekwenda tovuti zipi. Mwenye mtandao wa laini naye hivyo hivyo. Na kila ukurasa utakuomba uruhusu vidakuzi, vile vijikaratasi wanavyoacha kwenye simu yako ili wakutambue ukirudi. "Kubali zote" wataiandika kubwa, yenye rangi ya kupendeza. "Kataa" wataificha pembeni kama ndugu maskini harusini. Bofya ya maskini. Ndiyo ugomvi mdogo kuliko wote ninaokuachia, na unaushinda kwa kidole.

Atakuja mtu akwambie, "Mimi sina cha kuficha." Nimebishana na watu hao miaka mingi kwa hoja kubwa kubwa, na hakuna iliyofaa kama ulichonifundisha wewe bila kujua. Ulikuwa unakwenda kumgeuza Bibi, nami naingia kuchukua sanduku la nguo. Ukasema, "Toka kwanza, Mama." Nikasema, "Mimi ni mtoto wake, nimemwona maisha yangu yote." Wewe ukavuta pazia. "Ndiyo. Lakini hajakwambia uingie." Bibi hakuwa na la kuficha. Ana miaka zaidi ya sabini, amezaa, amezika, hana aibu ya mtu. Lakini nyuma ya pazia nikamsikia anacheka na wewe kama msichana. Na mimi nimesimama nje, mtetezi mkuu wa siri za watu, nimekasirika kwa kuzuiwa mlangoni.

Kwa hiyo usiniamini kwa sababu nimesoma. Nimesoma sana na nilikuchungulia. Kivinjari bora kuliko vyote duniani kisingekulinda dhidi yangu, maana ufunguo nilikuwa nao mkononi na ulinipa kwa kunipenda. Ukimpa mtu ufunguo huko uendako, rafiki, mchumba, yeyote, mpe ukijua unampa. Na akiuomba kwa hoja nzuri sana, muogope kidogo. Mimi nilikuwa na hoja nzuri sana.

Simu yako sikuigusa. Akaunti ya zamani bado ina orodha yote, ya kwako na ya kwangu. Nilitaka kuifuta, nikaona nitakuwa nafuta ushahidi dhidi yangu. Nenosiri nimekuandikia kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Fungua, uone nilichokisoma, uone na cha kwangu kama unataka, hata kile. Kisha uifute wewe. Ndiyo kitu pekee ninachoweza kukulipa nacho, kukuacha uone. Daftari la kaunta nalo nimelichoma leo mchana nyuma ya choo cha soko. Wateja watanitukana kesho, na nitawafundisha kila mmoja kuchagua nenosiri lake huku nimegeuka ukutani.

Jana jioni ulipokwenda kuaga marafiki, nilimgeuza Bibi mwenyewe. Nilifuata ulivyonionyesha, goti kwanza, kisha nyonga, bega la mwisho. Alilalamika njia nzima.

"Unanigeuza kama unagombana na mtu. Mume wangu yeye hunigeuza kama ananiuliza."

"Ninajifunza, Mama."

"Jifunze. Na yule mtoto ukimtuma mahakamani, nani atakuja kuwauliza wagonjwa?"

Nikamvutia shuka mpaka kifuani.

Ile barua ya Tosamaganga haikujaribiwa wino. Iko kwenye faili la kijani pamoja na ya chuo kikuu cha Iringa, nimeiweka juu ya nguo kwenye begi. Vyuo vyote viwili vinapokea wanafunzi wiki hii. Nimeshazungumza na baba yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema maneno ambayo sitayaandika hapa, halafu akasema ada itakufuata utakakokuwa. Kama ukiona sheria ndiyo unayoitaka kweli, nenda, na usiiache ili kuniadhibu. Kama unaona unesi, nenda, na usiogope kwamba nitakuja kubishana. Sina la kubishana. Kila hoja niliyokuwa nayo niliipata kwa wizi, na nimeirudisha.

Basi lako litapita Makambako, litapita Mafinga, na kabla halijafika Iringa mjini litafika njia panda ya Tosamaganga. Kondakta atauliza kama kuna wa kushuka. Hapo mimi nitakuwa dukani, na kompyuta zote tatu hazitakuwa na lolote la kuniambia. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano sijui mwanangu anafikiri nini, na nimekaa hapa nimeshika kalamu, napapasa kama mtu aliyevuliwa miwani.

Utanipigia ukiwa tayari. Kama si kesho, na iwe keshokutwa. Kama ni baada ya mwezi, nitasubiri, nimestahili. Nami nitakuuliza, "Umeshuka wapi, mwanangu?" Halafu nitanyamaza mpaka umalize kunijibu.

Mama yako,
Zuhura